Karatasi Zitangoja, Mzee Hangoji

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na kuna walioniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimetekwa na kazi moja ambayo hainilipi hata senti, na leo nataka kuwasimulia, kwa sababu imenibadilisha mawazo kuhusu jambo ambalo nilidhani ninalijua vizuri, yaani data.

Katika parokia yetu kuna padri mmoja mstaafu, Mwairishi. Alikuja Kenya mwaka 1964 akiwa kijana aliyetoka tu kupewa daraja, na tangu hapo hajarudi kwao ila kwa likizo. Kiswahili chake kinashinda changu, nasema hivyo bila aibu. Jumapili moja baada ya misa akaniita pembeni. "Mwanangu, wewe si ndiye wa kompyuta?" Nikajua printa ya ofisi imekwama tena. Kumbe sivyo. Daktari alikuwa amemruhusu kusafiri kwao mara moja zaidi, na yeye mwenyewe alisema hiyo ni safari ya mwisho. Alitaka asome misa makaburini, awaombee watu wa nyanya yake mzaa baba, kila mmoja kwa jina lake. Tatizo ni kwamba majina hakuwa nayo. Nyanya alifariki kabla Padri hajazaliwa, baba yake alifariki Padri akiwa na miaka tisa, na alichobaki nacho ni jina moja tu: Hanora Sullivan, wa rasi ya Beara, kusini-magharibi mwa Ireland. (Majina nimeyabadilisha kidogo, mtaniwia radhi.)

"Nipe siku tatu, Padri," nikamwambia.

Siku tatu! Nikikumbuka najicheka.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Ukifungua tarakilishi na kuanza kutafuta rekodi za Ireland, utashangaa jinsi wenzetu walivyoweka vitu wazi. Sensa ya 1901 na ya 1911 zipo mtandaoni zote mbili tangu 2010, bure, nyumba kwa nyumba, pamoja na picha ya fomu yenyewe ambayo mwenye nyumba aliijaza na kutia sahihi, au alama ya msalaba kama hakujua kuandika. Fomu nyingine inaeleza hata idadi ya madirisha ya mbele na kama paa ni la nyasi. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vilianza kuandikwa kwa watu wote tarehe 1 Januari 1864, na vya zamani unaviona bure pia. Maktaba ya Taifa iliweka picha za madaftari ya parokia za Kikatoliki mwaka 2015, zaidi ya parokia 1,000. Halafu kuna ukadiriaji wa mashamba uliosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864, ambao unamtaja kila aliyepanga ardhi, kitongoji kwa kitongoji. Na vitongoji vya Ireland ni zaidi ya 60,000!

Kwa mtu kama mimi niliyezoea kuambiwa faili limepotea, hii ilikuwa kama kuingizwa duka la pipi. Lakini ngoja kwanza.

Ukijaribu kurudi nyuma ya 1901 unagonga ukuta. Ireland ilifanya sensa kila baada ya miaka kumi tangu 1821. Ziko wapi? Za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya takwimu kutolewa. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipokuwa adimu. Za 1821 hadi 1851 zilitunzwa vizuri sana, katika jengo moja la kumbukumbu ndani ya eneo la Four Courts, Dublin. Jengo moja. Mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, kikosi kimoja kilijichimbia humo na kingine kikalishambulia kwa mizinga, na tarehe 30 Juni mlipuko na moto vikaliteketeza. Vipande vya karatasi vilivyoungua vilipeperuka juu ya jiji. Kumbukumbu za karne saba zikawa majivu mchana mmoja. Sisi tunaoshughulika na seva tuna msemo wetu: nakala moja ni sawa na kutokuwa na nakala. Wao walijifunza hilo kwa moto.

Kwa bahati nzuri vyeti vilikuwa ofisi nyingine, na vitabu vya Wakatoliki vilikuwa bado parokiani. Basi nikasema, nyanya ya Padri alizaliwa baada ya 1860, vyeti vinatosha. Nikaanza.

Nilianza na cheti cha ndoa. Nilikipata usiku wa kwanza: Februari 1893, siku chache kabla ya Kwaresma. (Padri alicheka, akaniambia enzi hizo karibu kila mtu kijijini alioa kabla ya Jumatano ya Majivu, kwani ukikosa hapo ungojee.) Sasa, cheti cha ndoa cha Ireland kina jina la baba wa bwana na baba wa bibi arusi. Mama hatajwi kabisa. Na kwenye safu ya umri, badala ya kuandika miaka, karani mara nyingi aliandika neno moja tu lenye maana ya "mtu mzima". Kwa hiyo nilichopata ni hiki: Hanora Sullivan, mtu mzima, binti wa Daniel Sullivan, mkulima.

Beara, Sullivan ni kama Otieno kule Nyanza. Na kina Daniel Sullivan wakulima walikuwa tele. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo. Matokeo ni kwamba ndugu watano wakioa, unapata binamu watano wenye jina moja, ukoo mmoja, kitongoji kimoja, na umri unaokaribiana.

Hapo ndipo nikaona ni kazi ya programu. Nikaandika msimbo mdogo wa Python wa kulinganisha majina na umri na kutoa alama. Jina lenyewe lilinisumbua. Kuna mbinu ya zamani inaitwa Soundex, ilisajiliwa kama uvumbuzi Marekani mwaka 1918, inayogeuza jina la ukoo kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina yanayosikika sawa yakae pamoja. Sullivan inakuwa S415. Vizuri. Lakini O'Sullivan, ambaye ni mtu yule yule karani akiwa na wino zaidi, inakuwa O241. Kwa mashine hao hawajuani kabisa. Na hiyo ni nafuu. Kuna ukoo ambao jina lao kwa Kiairishi linatokana na neno la mhunzi. Karani mmoja akaliandika kwa sauti, McGowan, na mwingine akalitafsiri, Smith. Ndugu wa tumbo moja! Diarmuid wa nyumbani anaitwa Jeremiah au Darby kwenye karatasi. Madaftari mengine ya kanisa yameandikwa Kilatini, kwa hiyo James ni Jacobus na William ni Gulielmus. Nikatengeneza jedwali la majina mbadala, likafika mistari mia mbili na kitu.

Mwishowe programu ikaniletea wasichana wawili. Wa kwanza Hanora Sullivan, alizaliwa Januari 1867, baba Daniel. Wa pili Hanora Sullivan, alizaliwa Februari 1864, baba Daniel. Vitongoji viwili vinavyopakana. Nikaenda kwenye sensa kumtafuta nyanya ya Padri akiwa ameolewa tayari. Mwaka 1901 alijiandika miaka 34. Mwaka 1911 alijiandika miaka 45. Piga hesabu: wa 1867 angekuwa na 34 na 44. Wa 1864 angekuwa na 37 na 47. Programu ikampa wa kwanza alama 94 kwa mia. Nikaridhika, nikachora mti wa ukoo, wazazi, kaka na dada saba, nikauchapisha kwenye karatasi kubwa ya rangi, nikampelekea Padri. Alishika ile karatasi kwa mikono miwili. Alisoma majina yote kwa sauti, polepole, akayarudia.

Ilikuwa familia isiyo yake.

Tuligundua kwa bahati. Padri alikuwa akisoma majina akasema, "Sijui kama mzee fulani bado yu hai, jirani yetu wa pale nyumbani. Angefurahi kuiona hii." Nikamwambia tumpigie. Nambari ilipatikana kupitia kwa mpwa wake, na jioni moja tukakaa mbele ya kipakatalishi changu, Padri na mimi, tukamsikia mzee wa miaka 91 akiitikia kutoka upande wa pili wa dunia. Walisalimiana muda mrefu, Kiairishi kidogo, Kiingereza zaidi, na lafudhi ambayo mimi sikuambulia kitu. Padri akawa ananitafsiria.

Jambo la kwanza ambalo mzee aliuliza lilikuwa, "Sullivan gani?"

Programu yangu haikuwahi kuuliza swali hilo. Kule, kwa sababu ukoo ni mmoja, kila tawi lina jina lake la mtaani ambalo halikuwahi kuandikwa kwenye cheti cha serikali. Kuna wanaoitwa kwa kazi ya babu wa babu yao, kuna wanaoitwa kwa rangi ya nywele, kuna wanaoitwa kwa mahali. Mzee akasema, "Nyanya yako ni wa akina Mfumaji. Wale uliowasoma ni wa mlimani. Wa mlimani waliondoka wote wakaenda Butte." Kisha bila kuulizwa akaongeza: "Mama yake Hanora alikuwa Harrington, kutoka ng'ambo ya ghuba. Alikuja na ng'ombe mweusi, na yule ng'ombe hakuwahi kutoa maziwa ya maana."

(Kule mahari ilitoka upande wa msichana, ndugu zangu. Msiniulize mengi.)

Nilirudi nyumbani na lile jina moja, Harrington. Cheti cha kuzaliwa, tofauti na cha ndoa, huandika ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Nikafungua vile vyeti viwili ambavyo nilikuwa navyo tangu siku ya pili. Wa 1867, mama Murphy. Wa 1864, mama Harrington. Vilikuwa mbele ya macho yangu wakati wote, ila sikuwa na kitu cha kuvichagulia. Nikaangalia pia wale wa mlimani katika sensa ya 1901. Nyumba ile haipo. Butte ni mji wa migodi ya shaba huko Montana, Marekani, na watu wengi wa Beara walikwenda huko baada ya machimbo ya shaba ya Allihies, kwao, kufifia miaka ya 1880. Neno la mzee lilikaa sawasawa na karatasi.

Kwa hiyo alama 94 kwa mia zilikuwa upuuzi. Programu haikuwa na hitilafu. Ilifanya kile nilichoiambia, ikachagua anayefanana zaidi, nami nikamchukulia anayefanana kuwa ndiye mwenyewe. Padri angesimama juu ya makaburi akaombee watu wa nyumba nyingine, na hakuna ambaye angejua.

Sasa najua kuna msomaji anayesema, "Sawa, lakini wazee nao husahau, na wengine huongeza chumvi." Kweli kabisa! Mzee huyu huyu alituambia kwamba Daniel, baba yake Hanora, alikufa katika Njaa Kuu. Haiwezekani. Njaa Kuu ilianza 1845 viazi vilipooza shambani, ikaua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni. Idadi ya watu wa Ireland ilikuwa zaidi ya milioni 8 katika sensa ya 1841, na ikashuka hadi kama milioni 6.5 mwaka 1851. Mtu aliyekufa wakati huo hawezi kupata binti mwaka 1864. Nikaenda kwenye vyeti vya vifo, nikamkuta Daniel: alikufa 1880, homa, siku sita, hakuna daktari aliyemwona.

Nilikuwa tayari kuandika "mzee amekosea" na kuendelea. Padri ndiye aliyenizuia. Akaniuliza, "1880 umeangalia kulikuwa na nini?" Kumbe mwaka 1879 mavuno yalikuwa yameharibika tena magharibi mwa Ireland, na watu wa huko wanaikumbuka kama njaa ndogo. Mzee alikuwa ameunganisha njaa mbili kuwa moja. Mwaka alikosea, lakini sababu ambayo cheti hakikuisema yeye alikuwa nayo. Cheti kinasema homa. Jirani anasema njaa. Ukiviweka pamoja ndipo unaelewa jinsi mkulima alivyokufa kwa homa ya siku sita bila daktari.

Na tusijidanganye kwamba karatasi husema kweli. Nitawapa mifano mitatu ya Ireland kwenyewe.

Kwanza, kulikuwa na faini kwa kuchelewa kuandikisha mtoto. Mzazi aliyechelewa alisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa. Matokeo yake utakuta mtoto amebatizwa kanisani kabla ya "kuzaliwa" serikalini. Ukiwa mtaalamu wa kusafisha data utaifuta hiyo kama kosa. Si kosa, ni mzazi anayekwepa kulipa.

Pili, pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909, shilingi tano kwa wiki kwa aliyefika miaka 70. Waliozaliwa kabla ya 1864 wengi hawakuwa na cheti. Linganisha sensa ya 1901 na 1911 utawakuta watu waliozeeka miaka kumi na mitano ndani ya kumi. Sensa ni karatasi ya serikali, yenye sahihi, na ni uongo mtupu!

Tatu, na huu ndio ninaoupenda. Ili kuthibitisha umri wa pensheni, wazee walisema wanaukumbuka Upepo Mkubwa, dhoruba iliyoipiga Ireland usiku wa tarehe 6 Januari 1839 na kung'oa mapaa nchi nzima. Aliyeweza kuusimulia usiku ule bila shaka alikuwa amepita miaka 70. Kumbukumbu ya mtaani ikawa kitambulisho. Wazee wetu hapa hawatashangaa, kwani Wakamba huita kila njaa kwa jina lake, na ukitaka kujua umri wa mzee wa Kikalenjin unamuuliza rika lake.

Wengine walioomba pensheni waliwaandikia makarani wa Dublin wawatafutie majina yao katika sensa za 1841 na 1851. Makarani walinakili walichokipata kwenye fomu, na fomu hizo zikabaki baada ya sensa zenyewe kuungua. Leo ziko mtandaoni. Ajuza aliyekuwa akitafuta shilingi tano ndiye aliyetuwekea nakala.

Basi maoni yangu ni haya, na nayasema kama mtu anayekula kwa kuandika programu. Tunaanza kazi kwa mkia. Kila nikisikia mradi wa "kuhifadhi historia" naona mashine za kuskani na maboksi ya karatasi. Karatasi ikitunzwa pakavu itangoja miaka hamsini. Mzee wa miaka 91 hangoji. Kwa Padri, kichwa cha yule jirani kilikuwa ndicho seva pekee yenye jibu, na hakikuwa na nakala popote. Tungechelewa miaka michache, cheti chenye jina la Harrington kingekuwa pale pale mtandaoni, bure, picha safi, na kisingetusaidia kitu.

Waairishi wenyewe waliwahi kulifanya hili vizuri. Kati ya 1937 na 1939 tume yao ya ngano na mila iliwatuma watoto wa shule za msingi nyumbani wakawaulize wazazi, babu, nyanya na majirani: nani aliishi wapi, nyumba gani imebaki gofu, njaa ilipita vipi hapa, kisima hiki kinaitwaje. Watoto kama 50,000 wa shule kama 5,000 waliandika kwenye daftari zao, na leo mkusanyiko huo wa takriban kurasa 740,000 uko kwenye mtandao. Watu wa kujitolea wanausoma mwandiko wa watoto wale na kuupiga chapa mstari kwa mstari. Kazi hiyo wameiita meitheal, neno lao la majirani kukusanyika kuvunana mashamba. Sisi tungesema harambee. Hakukuwa na mashine yoyote, ni kalamu, watoto, na swali zuri kwa mtu sahihi kabla hajaondoka. Hata ule mradi wao mkubwa uliozinduliwa Juni 2022, miaka mia baada ya moto, wa kuijenga upya kwa tarakilishi ile hazina iliyoungua kwa kukusanya nakala kutoka maktaba nyingine, unaweza kurudisha tu kile ambacho mtu fulani aliwahi kukinakili.

Na kama unadhani haya ni ya Wazungu peke yao, mkumbuke Barack Obama. Upande wa mama yake, babu mmoja wa zamani, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka kijiji cha Moneygall mwaka 1850. Hilo lilijulikana 2007 baada ya mchungaji wa hapo kupekua vitabu vya ubatizo vya kanisa lake dogo la Templeharry, na Mei 2011 rais mwenyewe akaenda kunywa bia kijijini. Upande wa baba, hapa Siaya, hakukuwa na kitabu cha kupekua. Alikaa chini Kogelo, Mama Sarah akamhesabia ukoo kwa mdomo, naye akauandika katika kitabu chake cha 1995. Mama Sarah alifariki Machi 2021. Vitabu vya Templeharry mtu anaweza kuvifungua kesho, lakini Mama Sarah hawezi kuulizwa tena.

Kwa wenzangu waandishi wa programu, nimejifunza mambo matatu.

Usihifadhi ukweli, hifadhi madai. Katika hifadhidata yangu ya kwanza kila mtu alikuwa na safu moja ya tarehe ya kuzaliwa. Sasa ana jedwali zima: sensa ya 1901 inasema hivi, ya 1911 inasema vile, cheti kinasema hivi, jirani anasema vile, na kila dai lina jina la aliyelisema na siku aliyolisema. Hata GEDCOM, muundo wa faili za nasaba uliopo tangu 1984, una njia ya kuandika "takriban" au "kabla ya". Itumie. Usilazimishe tarehe kamili mahali ambapo hakuna aliyeijua.

Usiunganishe watu wawili kwa sababu alama ni kubwa. Acha waning'inie wote wawili mpaka binadamu aseme "Sullivan gani". Kuwaunganisha ni kubofya mara moja. Kuwatenganisha baadaye, wakati wengine kumi wamenakili mti wako, karibu haiwezekani.

La tatu ni kuweka sehemu ya kunyamaza. Katika ile simu mzee alisema jambo moja kuhusu mmoja wa dada za Hanora. Padri alikaa kimya, kisha akaniambia, "Hilo usiliandike." Sikuliandika. Majirani hukumbuka aibu za watu pia, na si kila kinachojulikana ni cha kuwekwa kwenye mtandao. Karatasi za miaka mia zina sheria zake, lakini mdomo wa jirani unalindwa na adabu yako tu.

Padri alisafiri mwezi uliopita. Nilimchapishia karatasi mpya, Daniel na mke wake Harrington na watoto wao sita, na ile ya kwanza aliniomba asiitupe. Akasema wale wa mlimani nao walikuwa watu, na huenda hakuna aliyewaombea tangu waende Butte. Alisoma majina ya nyumba zote mbili. Jirani mzee aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na Padri anasema katikati ya misa mzee alimkatiza ili kumsahihisha matamshi ya jina moja.

Mimi nimeanza kwetu. Nyanya yangu ana miaka 84, yuko Mumias, na simu yangu ina kinasa sauti kama yako. Jumamosi nilimuuliza jina la mama wa mama yake. Alinijibu kwa swali: "Kwani unamtaka yupi, wa kwanza au yule wa kulea?"

Sikujua kulikuwa na wawili. Jumamosi ijayo narudi.